Mota ya CNC imegoma? Ipime kabla hujatuma pesa Kariakoo

Mtu akisema mota ya mashine yake ya CNC, yaani ya kuchonga kwa amri za kompyuta, imeungua, mimi huuliza kitu kimoja tu: umejuaje? Jibu karibu siku zote ni kwamba haizunguki. Sasa, kutozunguka si kuungua. Mota inaweza kugoma kwa sababu adapta imechoka, waya umekatikia ndani ya gamba lake, programu haijatoa amri, au vumbi la mninga limeshikana na grisi likawa ugoro mgumu kwenye skrubu. Yote hayo yanatibika hapahapa mjini.

Kwetu Tabora tofauti hiyo ni pesa. Duka la vifaa vya umeme la Kanyenye au Isevya litakuuzia swichi, waya na balbu, lakini spea za mashine hizi ndogo ni nadra kuzikuta. Zinatoka Kariakoo kwa basi au zinaagizwa China moja kwa moja, na kwa reli Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 840. Ukiagiza mota kumbe kilichokufa ni adapta, unalipa nauli ya kifurushi mara mbili na kibao cha mteja kinabaki mezani nusu kimechongwa.

Mwongozo huu unahusu mashine za mezani za aina ya 3018, yaani zenye eneo la kazi la milimita 300 kwa 180, umeme wa volti 24 na bodi inayotumia GRBL, ile programu ya ndani inayopokea amri za kompyuta. Kubwa zaidi, zenye inveta (kifaa kinachobadili masafa ya umeme unaokwenda kwenye spindo), nitazigusa kidogo baadaye.

Ni mota ipi hasa?

Mashine ina mota nne za aina mbili, na hazifi kwa namna moja. Ile inayozungusha biti, yaani spindo, kwa kawaida ni mota ya DC ya saizi 775 yenye kaboni ndani (vipande vinavyosugua ili kupitisha umeme), shafti ya milimita 5 na kishikio cha biti cha ER11. Kaboni huisha, kwa hiyo hii ina umri wake. Nyingine tatu ni stepa za NEMA 17, zenye uso wa mraba wa milimita 42, zinazosogeza mhimili wa X, Y na Z. Hizo hazina kaboni. Stepa kuungua yenyewe ni jambo la nadra mno. Mtu akiniambia stepa yake imekufa naanza kushuku waya, kisha draiva (kile kisehemu cha bodi kinachoiendesha), na mota naiweka mwisho kabisa.

Andaa multimita (ya bei rahisi inatosha), bisibisi, spana za L, betri ya pikipiki ya volti 12 iliyojaa, balbu ya taa ya mbele ya pikipiki, balbu mbili za indiketa, vipande vya waya, brashi laini ya rangi na spiriti kidogo. Betri na balbu, kama huna, kijiwe chochote cha bodaboda watakuazima.

Hatua ya 1: Umeme unafika?

Hapa ndipo wengi wanapodanganywa na mashine. Ubongo wa bodi unapata volti 5 kupitia kebo ya USB. Kompyuta ikiwa imewashwa, taa ya bodi itawaka, GRBL itajibu, na ukibonyeza kusogeza X namba zitatembea kwenye skrini kama kawaida, huku mashine imetulia tuli. Volti 24 za mota hazipo, na GRBL haina njia ya kujua hilo.

Chomoa adapta kwenye bodi, weka multimita kwenye DC, pima kwenye ncha ya adapta. Unatafuta 24 au karibu yake. Ukipata 0, adapta imekufa au waya umekatika pale unapojikunja karibu na plagi. Utikisetikise waya huku unapima, namba ikirukaruka umeshapata ugonjwa. Ukipata 24, usiridhike bado. Irudishe kwenye bodi, washa spindo na upime tena kwenye skrubu za kuingizia umeme huku mzigo upo. Ikishuka chini ya 21 au 22, adapta imechoka: peke yake inasoma vizuri, ikipewa kazi inasalimu amri.

Usifungue adapta. Ndani yake kuna umeme wa TANESCO wa volti 230 uliogeuzwa kuwa zaidi ya 300 za DC, na kapasita inaubakiza hata baada ya kuchomoa. Adapta mpya si ghali kiasi cha kuhatarishia roho.

Na kama umeme wa mtaani kwako ni mdogo saa za jioni, pima tena asubuhi kabla ya kuhukumu kitu chochote. Kuna mashine zinazougua kila siku kuanzia saa moja usiku na kupona zenyewe kabla ya kulala.

Hatua ya 2: Amri imetoka?

Kwenye dirisha la amri la programu yako, iwe Candle au nyingine, andika $$ upate orodha ya mipangilio. Angalia mitatu inayohusu spindo: $30 ni kasi ya juu, $31 ni ya chini, $32 ni hali ya leza.

Andika M3 S10000 (M3 inawasha spindo, S ni kasi), kisha M5 kuzima. Ukiandika M3 bila S, GRBL iliyowashwa sasa hivi inachukulia kasi ni sifuri na spindo haitatikisika. Vilevile, kama $30 ni 10000 na faili lako linatuma S1000, spindo inapata asilimia kumi ya nguvu; itaguna na isizunguke, nawe utasema imeungua. Na kama kuna siku uliifungia mashine leza, hakikisha $32 umeirudisha kuwa 0.

Mashine ikikataa amri zote na kusema iko kwenye alamu, andika $X kuifungua, baada ya kuangalia ni nini kilichoisababisha.

Hatua ya 3: Spindo kwa betri ya bodaboda

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinaitenga mota na kila kitu kingine. Zima mashine, toa biti, fungua nyaya mbili za spindo kwenye bodi. Kaza mota isirukeruke. Unganisha hivi: chanya ya betri kwenye balbu ya taa ya mbele, kutoka kwenye balbu kwenda waya mmoja wa mota, waya wa pili wa mota kwenye hasi ya betri. Balbu inazuia umeme usipite mwingi hata kama mota ina shoti.

Sasa angalia balbu na shafti kwa pamoja.

Shafti ikizunguka na balbu ikawaka hafifu, mota ni nzima. Usiiguse tena, shida iko kwenye bodi, waya au mipangilio. Mzunguko utakuwa wa taratibu kuliko ulivyozoea, maana ni volti 12 na balbu nayo inakula sehemu yake.

Balbu ikiwaka kwa nguvu zote na shafti haigeuki, izungushe kwa vidole. Ikiwa ngumu, beringi zimekwama au kuna kitu kimeingia. Ikiwa laini, kuna shoti ndani.

Balbu isipowaka kabisa, umeme haupiti: waya umekatika, umeng'oka kwenye kituo cha mota, au kaboni hazigusi. Gonga mgongo wa mota taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuzunguka, ni kaboni, huhitaji kipimo kingine.

Hatua ya 4: Kaboni na komutata

Chungulia kwenye matundu ya hewa ya nyuma huku mota inazunguka kwa betri, gizani kidogo. Cheche ndogo za buluu pale kaboni inapogusa ni za kawaida. Pete nzima ya moto wa rangi ya chungwa inayozunguka komutata si ya kawaida: kaboni zimeisha au komutata imechafuka.

Kama mota yako ina kaboni zinazotolewa, zitoe na uangalie urefu. Zikibaki theluthi moja, badilisha. Komutata ni ile silinda ya shaba yenye vipande vilivyotengwa kwa mifereji myembamba. Ifute kwa kitambaa chenye spiriti. Ukiona mifereji imejaa unga mweusi, ukwangue kwa kijiti chembamba cha mwanzi, usitumie chuma. Unga ule ni wa kaboni, unapitisha umeme, na ukijaa unaunganisha vipande ambavyo havitakiwi kuonana. Shaba ikiwa na makovu, msasa laini kabisa, mguso mwepesi, kisha ufute tena.

Kaboni za saizi hii huzikuti dukani, lakini za grainda na drili zipo. Zinapunguzwa kwa msasa uliolazwa juu ya kioo hadi ziingie bila kukwama wala kucheza. Niliwahi kupeleka mota ya namna hii kwa mzee mmoja anayesuka mota za mashine za kusaga, nikimwomba aisuke. Aliigeuza mkononi, akaitikisa karibu na sikio.

"Hii siisuki, mwanangu. Waya na muda wangu utalipia nini? Lete kaboni ya drili nikuchongee."

"Shikamoo yangu naona imezaa matunda, mzee. Kesho nakuja nayo."

Yuko sahihi. Mota ndogo ya DC haisukwi. Kama koili zake zimeungua, unasikia harufu ya varnishi iliyoungua na unaona waya umekuwa mweusi, basi ni ya kutupa. Mota nyingi za 775 pia zimefungwa kwa mabati yaliyokunjwa na zikifunguliwa hazirudi vizuri. Kwa hizo, kaboni zikiisha, nunua nyingine.

Hatua ya 5: Stepa inayounguruma

Dalili ya kwanza: mhimili hausogei, mota inatetema na kuunguruma. Stepa ina koili mbili na nyaya nne. Koili moja ikikosa umeme, mota inabaki inayumbayumba mahali pamoja. Karibu kila mara ni waya, hasa wa Z, kwa sababu unajikunja siku nzima.

Kabla ya lolote, kumbuka sheria moja: usichomoe wala kuchomeka soketi ya stepa mashine ikiwa imewashwa. Draiva inakufa papo hapo, na utakuwa umejiongezea ugonjwa.

Zima, subiri kidogo, chomoa soketi ya stepa yenye shida. Weka multimita kwenye ohm. Tafuta jozi mbili za nyaya zinazosoma. Kwa stepa hizi ni ohm chache tu, na jozi zote mbili zinapaswa kulingana. Jozi moja ikisoma na nyingine isisome, rudia kipimo kwenye pini za mota yenyewe. Pale ikisoma, umeokoa mota: badilisha waya. Pima pia kati ya pini na mwili wa mota. Hapo isisome kitu.

Kisha fanya ubadilishanaji. Mashine ikiwa imezimwa, chomeka mota ya X kwenye soketi ya Y na ya Y kwenye ya X. Washa, amuru X isogee. Kama ugonjwa umehama na mota, ni mota au waya wake. Kama umebaki kwenye soketi ileile hata baada ya kupewa mota nzima, ni draiva. Kipimo hiki hakina gharama na hakina ubishi.

Dalili ya pili: inakwenda, inasimama, inakwenda tena baada ya muda. Draiva ya A4988 hujizima ikipata joto kali na hujiwasha ikipoa. Angalia kama bati la kupoza limedondoka au feni ya bodi imezibwa na vumbi. Kama draiva ni za kuchomeka, pima volti ya rejea kati ya skrubu ndogo ya juu na ardhi, yaani hasi ya bodi: zile zenye vizuizi (rezista) vilivyoandikwa R100, volti 0.8 inatoa ampea 1, na hapo ndipo mwisho bila upoozaji mzuri. Stepa yenyewe kuwa ya moto kiasi cha kutokutamani kuishika si ugonjwa, zimeumbwa hivyo.

Dalili ya tatu: mota inazunguka, meza haitembei. Chora mstari mmoja kwa kalamu ya maka kuanzia kwenye shafti ya mota, juu ya kiunganishi, hadi kwenye skrubu ndefu. Endesha mhimili kwa muda kisha zima. Mstari ukiwa umekatika vipande viwili visivyoonana, kile kiskrubu cha kubana kimelegea. Kikaze kwa spana ya L, basi.

Ukiwa hapo, zungusha skrubu ndefu kwa mkono, umeme ukiwa umezimwa. Inapaswa kwenda kwa ulaini uleule mwanzo hadi mwisho. Kiangazi cha Tabora na vumbi lake, ukiongeza unga wa mninga au mkurungu, grisi inageuka kuwa msasa. Safisha yote kwa brashi na spiriti, weka mafuta mepesi ya cherehani. Mafuta ya kupikia yanaganda, usiyatumie.

Ikiwa kila kitu ni kizima lakini mota inapiga yowe na kukwama ikienda kasi, punguza $110 hadi $112 (kasi ya juu ya mihimili) kwa nusu, na $120 hadi $122 (uharaka wa kuongeza kasi) vivyo hivyo. Huenda ulinakili mipangilio ya mashine ya mtu mwingine.

Hatua ya 6: Bodi

Spindo imezunguka kwa betri, amri ni sahihi, volti 24 zipo. Unganisha balbu mbili za indiketa kwa mfuatano kwenye skrubu za spindo za bodi, badala ya mota. Tuma M3 S10000. Zikiwaka, bodi ni nzima na ulikuwa na waya mbovu. Zisipowaka, transista inayowasha spindo imekufa. Zikiwaka hata kabla ya amri na M5 isizizime, transista ina shoti. Ndiyo ile mashine inayoanza kuzungusha biti mara tu ukichomeka umeme, na hiyo usiendelee kuitumia hata kwa dakika moja.

Ukipima kwa multimita badala ya balbu, weka ncha zako kwenye skrubu zote mbili za spindo. Upande wa chanya una volti 24 muda wote, upande wa hasi ndio unaowashwa na kuzimwa, kwa hiyo kupima skrubu moja na ardhi kutakudanganya.

Fundi simu mzuri anaweza kubadilisha transista hiyo. Mpe namba iliyoandikwa juu yake, au bodi nzima aisome mwenyewe.

Kuna ugonjwa mmoja unaosingiziwa bodi: kompyuta kupoteza mawasiliano mara spindo inapowaka. Kaboni zinatoa kelele ya umeme inayoingia kwenye USB. Chomea kwa risasi kapasita ya seramiki ya 0.1 µF kati ya vituo viwili vya mota, tumia kebo fupi ya USB, na uitenganishe na nyaya za spindo.

Wenye inveta

Spindo za kilowati 1.5 na kuendelea ni mota za awamu tatu. Zima, subiri dakika kumi kapasita za inveta ziishiwe, kisha pima koili: jozi tatu zilingane, na hakuna inayosoma kwenda kwenye mwili. Zinazopozwa kwa maji, hakikisha maji yanarudi kwenye ndoo, siyo pampu inaunguruma tu. Na spindo ya mizunguko 24,000 kwa dakika inataka masafa ya msingi ya hezi 400 kwenye inveta. Ukiiacha kwenye 50 na volti kamili, utaiunguza mwenyewe. Hizi zinasukwa, ila beringi zake zisiwe za kubahatisha.

Gharama

Bei za maduka ya mtandaoni ya China, kabla ya usafiri na kodi, huwa zinacheza hapa: draiva ya A4988 dola 1 hadi 3, stepa ya NEMA 17 dola 10 hadi 15, spindo ya 775 pamoja na kishikio dola 15 hadi 25, adapta dola 15 hadi 20, bodi nzima dola 25 hadi 45. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na usafiri vinapanda juu yake. Mimi hupiga mara moja na nusu ili nisishangae. Tuseme dola ni shilingi 2,600: spindo ya dola 18 ni shilingi 46,800, na ikifika mikononi hesabu kama 70,000. Waya wa stepa au kaboni iliyochongwa haikaribii hata robo ya hapo, ndiyo maana tumepima kwanza.

Kwa fundi, patana bei ya kupima mbali na bei ya kutengeneza. Atakayekuambia jumla kabla hajashika multimita anabahatisha kwa pesa yako.

Mashine mpya ya aina hii iko kwenye dola 150 hadi 250. Bodi, adapta na spindo vikifa kwa pamoja, mara nyingi baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, umeshakaribia nusu ya bei hiyo. Hapo ningeuza fremu na stepa kama spea na kuanza upya, safari hii na stebilaiza.

Ukiagiza, weka kwenye kifurushi hichohicho draiva moja ya akiba na spindo moja. Nauli ya ziada ni ndogo. Kabla ya kulipa, mtumie muuzaji picha ya mota yako ikiwa na rula pembeni, mtaje kipenyo cha mwili, cha shafti na volti. Kuna 775 za volti 12 zinazofanana kwa sura na za 24, na zitaungua kweli.

Kabla ya kurudi kwenye kazi ya mteja

Endesha spindo bila biti kwa nusu ya kasi dakika kumi, ishike uone joto. Kaboni mpya zinahitaji muda huo zikae sawa na komutata. Kisha chonga kipande cha mbao laini, halafu mninga. Kwenye mninga, 775 haina ubavu wa kuzama sana: anza na milimita 0.3 hadi 0.5 kwa kila pito, kasi ya milimita 300 kwa dakika, biti kali. Ukisikia sauti inashuka na kuwa nzito, punguza kina, usiongeze S. Vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na kubana kifua. Umeme ukikatika katikati ya kazi, chomoa adapta ukutani usisubiri urudi, na andika kwa maka mgongoni mwa mota tarehe uliyoweka kaboni.